Redio ya Taifa Ilivyofika Magole: Somo la Mawimbi, Milima na Vituo

Mtu atokaye Morogoro mjini kwenda Dodoma kwa barabara kuu huvuka mto Wami pale Dakawa, kisha hufika Magole, kijiji cha wilaya ya Kilosa ambapo barabara ya Turiani huchepuka upande wa kulia. Mbele kidogo ni mto Mkundi na Dumila. Upande wa magharibi imesimama milima ya Ukaguru, na upande wa kaskazini milima ya Nguru. Ardhi ya kijiji chenyewe ni tambarare. Ukichukua ramani na rula utaona kwamba kutoka Magole hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka na si kwa barabara, ni takriban kilomita 220, na kutoka Magole hadi Dodoma ni takriban kilomita 180. Msomaji ashike tarakimu hizo mbili, kwani makala hii yote imejengwa juu yake.

Wazee wa sehemu hizo wanakumbuka jambo moja ambalo mwalimu wa fizikia hana budi kulifurahia. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokuwa sauti ya pekee ya taifa, redio ya transista iliyowekwa dirishani ilisema kwa unyonge mchana. Jua lilipozama ilipata nguvu kana kwamba mtu ameibadilishia betri. Lakini nguvu hiyo haikuwa ya kuaminika. Sauti ilijaa, ikafifia, ikapotea kabisa kwa muda, kisha ikarudi katikati ya sentensi nyingine. Aliyekuwa akisubiri kusikia jina la ndugu yake katika matangazo ya vifo aliweza kusikia jina la kijiji na siku ya mazishi, asisikie jina la marehemu. Wengine walisema ni upepo, wengine walisema mitambo ya Dar es Salaam imechoka. Ukweli ni kwamba mitambo haikuwa na kosa. Kilichobadilika kilikuwa angani, kilomita mia moja hivi juu ya vichwa vyao.

Kutoka Kariakoo hadi taifa zima

Utangazaji wa redio katika Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichokuwa Kariakoo, kikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina hilo lilikuwa la kweli, maana hakikusikika mbali sana na mji. Mwaka 1955 kikaitwa Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika. Tarehe 1 Julai 1965 shirika hilo lilivunjwa na kazi yake ikashikwa moja kwa moja na serikali, ndipo likazaliwa jina ambalo vizazi viwili vililizoea, Radio Tanzania Dar es Salaam. Zanzibar ilikuwa na redio yake tangu mwaka 1951, na imeendelea kuwa nayo. Mwaka 2002 Radio Tanzania na televisheni ya taifa viliwekwa chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 taasisi hiyo ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, ambalo idhaa yake ya taifa inaitwa TBC Taifa.

Majina hayo yanafaa kwa somo la historia. Kwa somo la sayansi jambo kubwa ni jingine: nchi yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 900,000 haiwezi kutoshelezwa na mlingoti mmoja. Ndiyo sababu ilijengwa mitambo ya mikoani, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya, Kigoma, Nachingwea na kwingineko, kila mmoja ukiipokea sauti ya Dar es Salaam na kuirusha tena kwa masafa yake wenyewe. Mkusanyiko wa namna hiyo ndio tunaouita mtandao wa redio ya taifa. Studio inaweza kuwa moja na mtangazaji mmoja, lakini midomo ni mingi.

Kwa nini isijengwe mitambo michache mikubwa mno badala ya mingi ya wastani? Jibu liko katika kanuni ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu huifahamu kutokana na somo la mwanga. Nishati inayotoka mahali pamoja na kutawanyika pande zote hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nishati inayokifikia kila kipande cha eneo huwa robo ya ile ya kwanza. Ukiongezeka mara tatu, huwa moja ya tisa. Kwa hiyo ili msikilizaji wa kilomita 200 apate kile anachopata wa kilomita 100, nguvu ya mtambo hapana budi iongezwe mara nne. Na hiyo ni hesabu ya anga tupu. Wimbi linalosafiri likigusa ardhi hupoteza zaidi, kwa kuwa ardhi yenyewe hunyonya sehemu ya nishati. Ardhi yenye unyevu hunyonya kidogo, maji ya bahari hunyonya kidogo zaidi, na ardhi kavu ya mawe hunyonya sana. Hapo ndipo Magole inapoanza kuwa darasa. Dodoma iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, lakini wimbi la Dodoma lina safari ya nchi kavu na milima ya Ukaguru, ilhali la Dar es Salaam hupita ukanda wa pwani na mabonde yenye rutuba. Aliye karibu kwenye ramani si lazima awe karibu kwa redio.

Wimbi la mchana na wimbi la usiku

Kila kituo hutangaza kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja, na kila masafa yana urefu wake wa wimbi. Wimbi la redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na ukigawanya mwendo huo kwa masafa unapata urefu. Wasikilizaji wa zamani walizoea neno mitabendi bila kujua kwamba walikuwa wakitamka jibu la hesabu. Kwa mfano, Radio Tanzania ilisikika kwa miaka mingi katika kilohezi 5050 za mawimbi mafupi. Gawanya 300,000 kwa 5050, utapata mita 59 na nusu hivi, na ndiyo maana ilitajwa kuwa katika mitabendi 60. Zanzibar ilisikika kutoka Dole katika kilohezi 11735, ambazo ni mita 25 na nusu. Mawimbi ya kati, yale ambayo mitambo mingi ya mikoani iliyatumia, ni marefu zaidi, kati ya mita 190 na mita 570 hivi.

Mtambo wa mawimbi ya kati hutoa mawimbi ya njia mbili kwa wakati mmoja. Moja huitambaa ardhi, nasi tuliite wimbi la ardhini. La pili hupanda angani na kukutana na tabaka la hewa nyembamba ambamo mnururisho wa jua umezing'oa elektroni kutoka katika molekuli. Tabaka hilo huitwa ayonosfia. Watu walianza kulishuku baada ya Marconi kudai, mwezi Desemba 1901, kwamba amepokea ishara ng'ambo ya Atlantiki. Mwanga hausafiri hivyo kuizunguka dunia, basi redio ilipitaje? Mwaka 1902 Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walisema lazima kuwe na kitu kama kioo huko juu. Edward Appleton alikithibitisha mwaka 1924 kwa kupima mawimbi yaliyorudi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Kioo hicho kina pazia. Mchana, kati ya kilomita 60 na 90 juu, jua huumba tabaka la chini ambalo halirudishi mawimbi ya kati bali huyanyonya. Wimbi linalopanda kutoka Dar es Salaam saa sita mchana huishia humo, na msikilizaji wa Magole hubaki na wimbi la ardhini peke yake, lililokwisha choka kwa safari ya kilomita 220. Jua likizama, elektroni za tabaka hilo hurudiana na ayoni zake kwa muda mfupi, pazia linafunguka, na wimbi hupita hadi tabaka la juu yake, lililo kimo cha kilomita 110 hivi, ambako hurudishwa chini. Ndipo Magole hupata mawimbi mawili ya kituo kimoja.

Je, mawili si bora kuliko moja? Tufanye hesabu, nayo inatokea kuwa nzuri kwa sababu ya mahali kijiji kilipo. Nusu ya kilomita 220 ni 110, na kimo cha tabaka ni 110. Kwa hiyo wimbi linapanda kwa nyuzi 45 na kushuka kwa nyuzi 45, pembetatu ambayo hata mwanafunzi mvivu huipenda. Kwa kanuni ya Pythagoras, kila upande wa mteremko ni 110 mara kipeo cha pili cha 2, yaani kilomita 155.6 hivi, na safari yote ni kilomita 311. Wimbi la angani limetembea kilomita 91 zaidi ya lile la ardhini. Sikio haliwezi kugundua ucheleweshaji huo, kwa kuwa kilomita 91 ni kama sehemu tatu za elfu kumi za sekunde. Lakini mawimbi yenyewe yanaugundua. Tuchukue kituo cha kilohezi 600 kwa urahisi wa hesabu: wimbi lake lina urefu wa mita 500. Mawimbi mawili yakikutana kilele kwa kilele, sauti hujaa. Safari ya mmojawapo ikirefuka kwa nusu ya wimbi, yaani mita 250, kilele hukutana na bonde na mawimbi hufutana.

Sasa ulizeni: tabaka linapaswa kusogea kiasi gani ili safari irefuke kwa mita 250? Katika pembetatu yetu, kila mita moja ya kimo huongeza safari kwa mita 1.41. Gawanya 250 kwa 1.41. Jibu ni mita 177. Tabaka lililo kilomita 110 juu, likipanda kwa mita 177 tu, hugeuza sauti iliyojaa kuwa ukimya. Na tabaka hilo halitulii, hupanda na kushuka usiku kucha kama uso wa ziwa. Jina la marehemu lililopotea katika matangazo lilipotelea katika mita hizo.

Ni vizuri wanafunzi waelewe kwamba mtu wa karibu na Dar es Salaam hakupata taabu hii, maana wimbi lake la ardhini lilikuwa na nguvu mno kuweza kufutwa. Wala mtu wa mbali sana hakuipata kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa hakuwa na wimbi la ardhini la kugombana na lile la angani. Taabu ni ya wale wa katikati, ambao mawimbi mawili yanawafikia kwa nguvu zinazolingana. Wahandisi wa redio wanaujua ukanda huo, na njia mojawapo ya kuuponya ni kuweka mtambo mwingine karibu.

Kuna adui mwingine, naye huja na masika. Kila radi ni mtambo wa redio usio na leseni: hurusha mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja, na yale yenye nguvu zaidi huangukia katika mawimbi marefu na ya kati. Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana kutenga sehemu maalumu za mawimbi mafupi, mojawapo ikiwa ile ya mitabendi 60, kwa ajili ya utangazaji wa ndani katika nchi za joto, ambako ngurumo ni nyingi kuliko Ulaya. Kilohezi 5050 za Radio Tanzania zilikuwa tunda la makubaliano hayo. Mawimbi mafupi yalikuwa na kazi nyingine pia. Idhaa ya nje ya Radio Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika muda wa kusema na watu wao, na wimbi lililorushwa juu kutoka Dar es Salaam lilishuka katika nchi ambazo serikali zake zisingeruhusu hata gazeti lao kupita mpakani. Wanafunzi wa Magole wanayo alama ya jambo hilo jirani: Dakawa, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga makazi ya watu wake katika miaka ya 1980.

Kijiji katikati ya vituo viwili

Kwa kuwa Magole iko kati ya Dar es Salaam na Dodoma, msikilizaji wake aliweza, hasa jioni, kuzungusha kitufe na kujaribu vituo viwili vya mtandao mmoja. Kama vyote viwili vingetumia masafa yale yale, angepata mseto usioeleweka. Ndiyo maana vituo vinavyopakana hupewa masafa tofauti, na masafa yale yale huweza kutumika tena mbali, ambako mawimbi hayakutani kwa nguvu. Kampuni za simu za mkononi hutumia kanuni hiyo hiyo leo kwa minara yao.

Kwa kawaida vituo vyote vilisema jambo moja. Lakini uliwahi kufika wakati ambapo kimoja kilinyamazishwa makusudi kwa nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya sayansi. Jaribio hili halijulikani vya kutosha mashuleni, na kwa maoni yangu linastahili kufundishwa pamoja na majaribio ya maabara.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati. Mada zake zilikuwa uzazi wa mpango na kinga dhidi ya Ukimwi. Mhusika mmoja aliyekumbukwa mno ni Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wapenzi kila kituo cha safari, na mkewe Tunu, aliyelazimika hatimaye kujitegemea. Watafiti, miongoni mwao Everett Rogers, Peter Vaughan na Ramadhan Swalehe, walitaka kujua kama mchezo wa redio unaweza kweli kubadili mwenendo wa watu. Ugumu wa swali hilo ni dhahiri. Ikiwa watu wengi wataanza kwenda kliniki baada ya mchezo kuanza, nani atasema ni kwa sababu ya mchezo? Yawezekana ni kwa sababu ya wauguzi, ya magazeti, au ya msiba uliotokea kijijini. Maabara hutatua ugumu huo kwa kuweka chungu kimoja cha mche bila mbolea. Lakini utapata wapi nchi isiyo na mbolea?

Jibu lilikuwa katika mtandao wenyewe. Mitambo mingine ya Bara ilipotangaza Twende na Wakati saa kumi na mbili na nusu jioni, mtambo wa Dodoma ulipiga muziki. Dodoma ikawa chungu kisicho na mbolea tangu 1993 hadi 1995. Watafiti waliwahoji watu wa pande zote mbili mwaka hadi mwaka, wakatazama pia kumbukumbu za kliniki. Waliona kwamba katika maeneo yaliyosikia mchezo matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Kisha, tangu 1995, mchezo ukatangazwa Dodoma nako, na mabadiliko ya namna ile yakaonekana huko pia. Hatua hii ya pili ndiyo yenye uzito, kwani kama tofauti ingekuwa imesababishwa na tabia ya watu wa Dodoma peke yao, isingeondoka walipofunguliwa redio. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999.

Mwanafunzi aliyefuata hesabu zetu sasa anaweza kuwauliza watafiti swali la haki. Saa kumi na mbili na nusu jioni Dodoma ni karibu na machweo, kabla kidogo au baada kidogo kutegemea mwezi. Pazia la ayonosfia linaanza kufunguka. Je, mawimbi ya Dar es Salaam, ya Arusha au ya Mbeya hayakuweza kushuka Dodoma na kuleta sauti ya Mkwaju kwa mtu mwenye subira ya kuzungusha kitufe? Yaliweza, kwa unyonge. Lakini zingatieni upande gani kosa hilo linavuta. Kama watu wachache wa Dodoma walisikia mchezo, tofauti kati ya Dodoma na kwingine ingepungua, isingekuzwa. Tofauti iliyoonekana hata hivyo haiwezi kulaumiwa kwa uvujaji huo. Mwalimu akitaka kupima kama darasa lake limeelewa maana ya kosa katika jaribio, na aulize swali hili.

Si mara ya kwanza redio ya taifa kutumiwa kama shule. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu wazima milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu, na baada ya kipindi wanakikundi walijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ikumbukwe kwamba kijitabu hakikuwa pambo. Waliopanga kampeni walijua kuwa katika sehemu nyingine sauti ingefifia, na kwamba kikundi kisiposikia kipindi kingeweza kuendelea kwa kusoma. Wazo la shule ya redio lilikuwa limejaribiwa kwingine pia. Katika Colombia, nchi ya milima mirefu, padri José Joaquín Salcedo alianzisha kituo kidogo mwaka 1947 katika kijiji cha Sutatenza, kikakua kuwa mtandao uliowafundisha wakulima kusoma, kuandika na kutunza afya. Huko nako ilihitajika mitambo zaidi ya mmoja, na huko nako kulikuwa na vitabu, gazeti na wasaidizi wa kijijini.

Mawimbi yaliyonyooka

Tangu miaka ya 1990, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, masikio ya Watanzania yamehamia FM. Katika mawimbi ya kati sauti hubebwa kwa kubadili kimo cha wimbi, na kwa kuwa radi nayo hubadili kimo, kelele yake huingia pamoja na sauti. Katika FM kimo huachwa, kinachobadilishwa ni masafa, kidogo kidogo kulia na kushoto, na mashine huipuuza sehemu kubwa ya kelele. Muziki husikika safi hata ngurumo ikiwa juu ya bati.

Gharama yake ni umbali. Mawimbi ya FM, ya megahezi 88 hadi 108, hupita ayonosfia na kupotelea angani, nayo hayaitambai ardhi. Husafiri karibu kama mwanga, na pale dunia inapopinda huachana nayo. Upeo wake kwa kilomita hupatikana kwa kuchukua kipeo cha pili cha urefu wa mlingoti kwa mita, kuongeza kipeo cha pili cha urefu wa antena ya msikilizaji, na kuzidisha jumla kwa 4.12. Mlingoti wa mita 100 uliosimama tambarare Morogoro mjini, na antena ya Magole iliyo juu ya mti wa mita 4, vinatupa 4.12 mara 12, yaani kilomita 49. Morogoro hadi Magole ni kilomita 60 hivi kwa mstari. Haitoshi. Upandishe mtambo ule ule mlimani, mita 900 juu ya tambarare: kipeo cha 900 ni 30, jumla 32, na upeo unakuwa kilomita 132 hivi, ikiwa hakuna kilima kinachoziba katikati. Ndiyo maana wahandisi wa FM hupanda milima, na ndiyo maana kijiji kilicho nyuma ya mlima kinaweza kukosa kituo ambacho kijiji cha mbali zaidi kinakipata. Kwa vijiji vya ndani ya Kilosa dawa imekuwa ni vituo vidogo vya karibu, kama kile cha Radio Jamii Kilosa.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo baadhi ya wahandisi wataliona ni la kizamani. Nchi nyingi zimezima mitambo yao ya mawimbi ya kati, na Norway mwaka 2017 iliacha hata FM ya vituo vyake vya kitaifa ikahamia redio ya dijiti. Mawimbi ya kati hula umeme mwingi, nami silipingi hilo. Lakini wilaya ya Kilosa ina mito inayoshuka ghafula kutoka milimani. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa mjini na kuharibu reli. Mwezi Januari 2014 mto Mkundi ulifurika Magole, Dumila na vijiji jirani, watu wakapanda juu ya mapaa na miti, na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Mvua inayojaza Mkundi hunyesha milimani, na anga la tambarare laweza kuwa jeupe. Onyo lolote linalofaa ni lile linalotangulia maji. Siku kama hiyo umeme hukatika, mnara wa simu huishiwa akiba, na kituo kidogo cha karibu chaweza kuwa ndani ya maji yale yale. Mtambo ulio mbali kilomita mia mbili, mahali pakavu, bado unasema, hata kwa sauti mbaya. Kwa msikilizaji aliye hatarini sauti mbaya inatosha, ilimradi maneno yasikike. Mtandao wenye njia mbili za kumfikia mtu mmoja una gharama kubwa zaidi, nami naona gharama hiyo ni halali kwa sehemu kama hizi.

Jaribio kwa darasa

Tafuteni redio yoyote yenye mawimbi ya kati au mafupi na betri mpya, maana betri iliyochoka itawadanganya. Muiweke mahali pamoja, mbali na taa za umeme. Antena ya mawimbi ya kati imo ndani ya redio, ni ufito mweusi uliozungushiwa waya, nao husikia vizuri kituo kilicho ubavuni mwake na vibaya kile kilicho kwenye ncha zake. Kwa hiyo mkiigeuza redio polepole mtapata upande ambako sauti inakufa. Andikeni upande huo na muulinganishe na ramani. Kisha, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, kila baada ya dakika tano, pitisheni mshale bendi nzima na kuhesabu vituo vinavyosikika, pamoja na vile vya lugha msizozijua. Muandike pia dakika jua lilipozama. Magole huwa ni kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni kutegemea mwezi, na Dodoma ni dakika sita hivi baadaye, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne.

Chora grafu ya idadi ya vituo dhidi ya saa. Je, mstari unapanda jua linapozama Magole, au unaanza mapema zaidi? Kumbukeni kwamba wimbi litokalo mashariki hukutana na ayonosfia katikati ya safari, mahali ambapo jua limetangulia kuzama. Shule mbili, moja ya Magole na moja ya Dodoma, zikifanya kazi hii jioni moja na kubadilishana grafu kwa barua, zitaona giza likisafiri kwenda magharibi.

Swali la mwisho ni la wale wanaopenda hesabu. Kama tabaka lingekuwa kimo cha kilomita 300, kama lilivyo lile linalorudisha mawimbi mafupi usiku, wimbi lingesafiri kilomita ngapi kutoka Dar es Salaam hadi Magole, na tabaka lingepaswa kusogea mita ngapi ili wimbi la mita 60 lirefuke kwa nusu yake? Jibu la kwanza ni kilomita 639. La pili tunawaachia ninyi, ila msishangae likiwa dogo.